Motion na kamera ya USB: kwa nini simu haioni picha, na mistari ya kurekebisha

Motion ni programu ya bure ya Linux. Inachukua picha kutoka kwenye kamera ya USB, inaangalia kama kuna kitu kimesogea, inarekodi, na wakati huohuo inarusha picha hizo mtandaoni ili uzione kwenye simu. Haina akaunti ya kufungua, na picha zako haziendi kwenye seva ya mtu mwingine. Kompyuta kuukuu au Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) inaiweza kazi hiyo. Kwa anayetaka kuchungulia mlango, ghala au chumba cha seva akiwa mbali, ni chaguo zuri sana, mradi akubali mambo mawili: haina sauti kabisa, na inakula data.

Lakini wengi huiacha siku ya kwanza. Wanaisakinisha, taa ya kamera inawaka, wanafungua kivinjari cha simu, halafu hakuna kitu. Programu haijaharibika. Mipangilio yake ya mwanzo imewekwa kwa tahadhari kubwa, na hakuna ujumbe wowote unaokuambia hivyo.

Mstari wa kwanza wa kutazama katika /etc/motion/motion.conf ni stream_localhost. Ukiwa on, na ndivyo unavyokuja, picha inaonekana ndani ya kompyuta ileile tu. Simu itaambiwa muunganisho umekataliwa hata kama iko kwenye WiFi moja na kompyuta. Weka off, kisha washa upya kwa sudo systemctl restart motion. Thibitisha kwa amri ss -tln. Ukiona 127.0.0.1:8081, bado imejifungia ndani, ukiona 0.0.0.0:8081, iko wazi kwa mtandao wa nyumbani. Kama kompyuta inatumia ufw (kinga ya Linux inayozuia maombi ya mtandao), ongeza sudo ufw allow 8081/tcp. Kwenye simu andika anwani nzima, kwa mfano http://192.168.1.20:8081, pamoja na hiyo http:// ya mwanzo, kwa sababu vivinjari vya sasa hupenda kujaribu https kwanza, na Motion ya kawaida haiijibu.

Makosa hapa yanasomeka kirahisi. Simu ikikataliwa papo hapo, kompyuta imefikiwa ila hakuna kinachosikiliza kwenye poti 8081 (mlango wa mtandao unaopitisha picha): rudi kwenye stream_localhost. Simu ikizunguka muda mrefu hadi ikate tamaa, kuna kitu njiani kinameza maombi: ufw, au WiFi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga ili vifaa visionane.

Wakati unafungua poti 8081, usiguse webcontrol_localhost. Iache on. Hiyo ni ya poti 8080, poti ya kuongozea programu yenyewe, na webcontrol_parms ikiwa imepandishwa, mtu anayefika pale anaweza kubadilisha mipangilio kutoka mbali. Kutazama na kuongoza ni milango miwili. Simu inahitaji mmoja tu.

Picha ikishaonekana, lalamiko linalofuata ni kwamba inaruka kama slaidi, fremu moja kila sekunde. Watu hulaumu intaneti, kumbe ni stream_maxrate, ambayo thamani yake ya mwanzo ni 1. Weka 5 kwa kuanzia. Ukiwasha pia stream_motion, programu itarusha fremu moja kwa sekunde pakiwa pametulia, na itapanda hadi kiwango chako pale kitu kinaposogea. Kwa anayetazama kwa bando la simu, huo ndio mpangilio wenye faida kuliko yote.

Hesabu ya data ni hii. Motion hurusha MJPEG, yaani kila fremu ni picha kamili ya JPEG, haitumii tena kilichobaki vilevile kutoka fremu iliyotangulia. Fremu ya 640 kwa 480 yenye stream_quality ya 50 huwa takribani KB 30, ikipanda au kushuka kulingana na kilichomo. Fremu 10 kwa sekunde ni KB 300 kwa sekunde, zaidi ya GB 1 kwa saa. Fremu 2 kwa sekunde ni kama MB 216 kwa saa. Na kila simu inayotazama inapata nakala yake, kwa hiyo watazamaji watatu ni mara tatu. Mzigo huo unapita upande wa kupakia wa intaneti ya nyumbani, ambao mara nyingi ni mwembamba kuliko upande wa kupakua. Unapopima kasi, soma namba ya kupakia.

Sasa kamera yenyewe, maana hapa ndipo kuna mitego inayopoteza siku nzima.

Kamera moja ya USB mara nyingi huonekana kama vifaa viwili, /dev/video0 na /dev/video1, na cha pili hakitoi picha bali taarifa za ziada tu. Tena namba hizo zinaweza kubadilishana ukiwasha kompyuta upya. Badala ya namba, angalia ndani ya /dev/v4l/by-id/ na utumie jina refu unalolikuta pale, lile linaloishia na index0, kwenye mstari wa video_device (matoleo ya zamani huandika videodevice). Kumbukumbu za programu zikisema kifaa kina shughuli, kuna programu nyingine imeshika kamera. Amri fuser /dev/video0 itakuonyesha namba ya programu hiyo. Zikisema ruhusa imekataliwa, mtumiaji motion hayumo kwenye kundi la video: sudo usermod -aG video motion, kisha washa upya.

Kisha kuna muundo wa picha. Andika v4l2-ctl --list-formats-ext na usome kinachotoka. Kamera nyingi hutoa YUYV, ambayo haijabanwa, na MJPG, ambayo imebanwa ndani ya kamera yenyewe. YUYV inachukua baiti 2 kwa kila pikseli, kwa hiyo 1280 kwa 720 kwa fremu 30 ni zaidi ya MB 55 kila sekunde. USB 2.0 ina megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, ambazo ni MB 60, na kwa vitendo haifikii hapo. Ndiyo maana orodha ileile huonyesha YUYV ya 720 kwa fremu 10 tu, na MJPG kwa 30. Iambie Motion itumie MJPG: palette=8 ndani ya video_params, au v4l2_palette 8 kwa matoleo ya zamani.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kosa moja linalochanganya sana. Ukichomeka kamera mbili kwenye kigawanyi kimoja cha USB, ya pili inaweza kugoma na ujumbe «No space left on device». Watu huanza kufuta mafaili, lakini diski haihusiki. Nafasi iliyokwisha ni ya njia ya USB. Badilisha zote mbili ziwe MJPG, punguza ukubwa wa picha, au hamishia moja kwenye tundu lenye kidhibiti chake. Na usivute waya wa USB 2.0 zaidi ya mita 5. Kamera inayopotea na kurudi kila baada ya dakika chache mara nyingi ni waya mrefu au umeme mdogo wa kigawanyi kisicho na adapta yake.

Usiku huja jambo jingine: fremu zinashuka nusu bila mtu kugusa kitu. Kamera inafungua jicho muda mrefu zaidi ili ipate mwanga, na haiwezi kufanya hivyo bila kupunguza fremu. Amri v4l2-ctl -c exposure_dynamic_framerate=0 inaizuia (kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, za zamani jina ni exposure_auto_priority). Utalipa kwa picha yenye giza zaidi. Taa ndogo inasaidia kuliko mpangilio wowote.

Kutazama ukiwa nje ya nyumbani ndiko kunakofelisha waliofaulu yote hayo. Mafundisho ya zamani husema fungua poti kwenye ruta uielekeze kwenye kompyuta. Kabla ya kujaribu, ingia kwenye ruta usome anwani ya upande wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, au haifanani na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kuangalia IP, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayofungua haitafikiwa kamwe. Intaneti nyingi za laini ya simu ziko hivyo. Hakuna mpangilio wa Motion utakaotibu hilo.

Hata kama una anwani ya kwako, kuianika poti 8081 hadharani si vizuri. Ni http tupu, na nywila ya stream_auth_method 1 husafiri ikiwa imegeuzwa umbo tu, haijasimbwa. Weka VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa kati ya simu na kompyuta. WireGuard inafaa kama una anwani ya umma. Inatumia UDP 51820, na PersistentKeepalive ya 25 husaidia njia isifungwe. Kama huna anwani hiyo, Tailscale hupita nyuma ya ruta za namna hii bila kufungua poti: iweke kwenye kompyuta na kwenye simu, kisha fungua anwani ya kompyuta inayoanza na 100 ikifuatiwa na :8081. Nywila weka bado, kwa stream_authentication jina:nywila na method 2. Kitazamaji cha simu kikikataa nywila ambayo una hakika ni sahihi, jaribu method 1, kwa kuwa ndani ya VPN inatosha.

Kuhusu kutambua mwendo, jambo moja: threshold, mstari unaoamua mwendo uanze kuhesabiwa lini, huja ikiwa 1500, na hiyo ni idadi ya pikseli zilizobadilika, si asilimia. Kwenye 640 kwa 480 ni karibu nusu ya asilimia ya picha. Ukihamia 1280 kwa 720, pikseli ni mara tatu, na mtu yuleyule anachukua mara tatu. Anza na 4500, la sivyo kivuli cha tawi kitarekodiwa usiku kucha. Motion haifuti video za zamani. Weka kwenye cron (kipanga kazi za kujirudia cha Linux) amri find /var/lib/motion -type f -mtime +7 -delete, au siku moja diski itajaa.

Anayehitaji sauti, au anayetazama saa nyingi kwa bando, atafute kwingine: programu za go2rtc au MediaMTX hurusha H.264, muundo wa video uliobanwa zaidi, ambayo kwa ukubwa huo wa picha inaweza kukaa kwenye nusu megabiti kwa sekunde, kama MB 225 kwa saa kwa mwendo laini. Zote mbili hutumia poti 8554 kwa RTSP, itifaki ya kurusha video. Kompyuta itafanya kazi zaidi kubana video, kwa hiyo Raspberry Pi ya zamani huenda ikalemewa, na kazi ya kutambua mwendo utakuwa umeiacha kwa Motion.