Tulilipia 5.0, ndani tukakuta 3.9.2: programu ya duka baada ya miaka minne

Duka letu liko Kirinyaga Road, Nairobi, hapo wazee bado wanapaita Grogan, tunauza spea za Toyota, zaidi ni Probox na zile Corolla za zamani. Hii programu ya kuuzia na kuhesabu stoku tumekaa nayo miaka minne, na kampuni sitaitaja kwa sababu bado tunaongea nao.

Nianze na penye iko sawa, na iko sawa kweli. Ukiandika namba ya spea hata nusu, inakuletea bushi yenyewe, iko rafu gani, zimebaki ngapi, kabla mekanika hajamaliza kukwambia gari ni ya mwaka gani. Pesa ya tili, ile mteja analipa kwa simu, inaingia bila keshia kuandika namba ya malipo, na risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA, watu wa kodi, inatoka hapo hapo, ambayo tangu Januari 2024 kila mwenye gereji anaitaka maana bila hiyo KRA hawamhesabii gharama. Kwa kazi ya kaunta nawapa nyota nne na sitazirudisha.

Shida ni namba.

Mkataba wetu unasema apdeti ndogo ni bure, vasheni mpya unalipia. Tukaenda nao 3.6, 3.7, 3.8, zote bure, na hiyo 3.8 ndiyo ilileta mambo ya tili, kitu kikubwa hivyo na hatukulipa hata shilingi. Sasa mwezi wa pili kijana wao akapiga simu, "Boss, tumetoa 5.0, ni kitu mpya kabisa, elfu kumi na nane kwa kila mashine." Nikamuuliza 4 ilienda wapi. Akasema waliiruka, kwa sababu wenzao wanaouza programu kama hiyo wako 5 na wateja wakiona 4 wanadhani wao wako nyuma. Alisema hivyo bila kuficha. Tuna mashine mbili, moja kaunta na moja stoo huko nyuma, nikalipa sh 36,000 nikiamini kuna kazi imefanywa.

Asubuhi tukafungua. Bluu imekuwa kijani, kitufe cha kumaliza mauzo kimehama kutoka kulia kimeenda chini, ripoti ni zile zile, hata lile kosa la kuandika "Jummla" kwenye ripoti ya wiki bado liko. Nikaingia kwa kile kidirisha kinachoonyesha habari za programu, kimeandika 3.9.2. Ukurasa wa kuingilia una 5.0 kubwa ya kujaza skrini, ndani ni 3.9.2. Nikamwita keshia aje aone na macho yake, tukapiga picha.

Nilikaa jioni kadhaa nikisoma hii maneno nijue kama ni sisi tu tumefanyiwa, kumbe ni ya zamani. Word ya Windows, ile programu ya Microsoft ya kuandikia, ilitoka 2.0 ikaruka hadi 6.0 mwaka 1993, ati ilingane na Word ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, na mwaka huo huo mshindani wao WordPerfect naye alikuwa ametoa 6.0. Na kuwa na namba mbili peke yake si wizi, hilo nalikubali: Windows 7 ndani inajiita 6.1, lakini hapo kulikuwa na sababu, programu nyingi za zamani zilikuwa zinaangalia ile namba ya kwanza na zikiona imebadilika zinakataa kufanya kazi, kwa hivyo Microsoft wakaiacha 6 ili watu wasikwame. Linux nayo, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ilitoka 2.6.39 ikaenda 3.0 mwaka 2011 na Linus Torvalds aliyeianzisha akasema wazi kwamba hakuna kitu kikubwa kipya, namba tu ndiyo inabadilishwa. Mwambie mtu hivyo na hatalalamika. Ubuntu, ambao nao wanatoa aina ya Linux, ndio wamenifurahisha zaidi, 24.04 ni mwaka 2024 mwezi wa nne, basi, unajua umri wa kitu unachoweka.

Halafu kuna ule utaratibu wa namba tatu ambao watengenezaji wengi wanafuata. Ya mwisho ikipanda, wamerekebisha kosa. Ya katikati ikipanda, wameongeza kitu lakini vyako vya zamani bado vinaingiliana. Ya kwanza ikipanda, jihadhari, kuna kitu chako hakitaingia tena. Mimi nikisoma hiyo niliielewa mara moja kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku! Namba ya spea ikipishana tarakimu moja, mekanika ameshapandisha gari kwa jeki, amefungua tairi, halafu bushi inakataa kuingia na mteja amesimama hapo anaangalia saa. Hakuna muuzaji hapa Kirinyaga Road anachagua namba ya spea kwa sababu jirani ana kubwa.

Na hawa wetu walifanya kinyume kabisa, maana ile 5.0 tuliyolipia haikugusa kitu, lakini wiki tano baadaye ikaja 5.0.1, ya bure, ikajiweka usiku kwa mashine ya kaunta na kubadilisha faili za stoku. Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku yetu kubwa. Mashine ya stoo ilikuwa bado 5.0, ikakataa kufungua chochote, ikisema faili zimetengenezwa na vasheni nyingine. Siku nzima tuliandika kwa kitabu cha risiti, kijana wa stoo anakimbia mbele na nyuma kuuliza bei, na Jumapili badala ya kanisa nilikuwa naingiza mauzo 140 moja moja. Nilipowapigia waliniambia, "Lakini boss hiyo ilikuwa namba ndogo tu." Hiyo ndiyo iliniuma kuliko zile elfu thelathini na sita.

Kwa hivyo kwa upande wa apdeti nawapa nyota moja. Kama unataka kuichukua ichukue, inauza vizuri, ila zima kule kujiapdeti usiku, weka bakapu kwa flashi kila jioni, na usilipie namba kabla hujaona imebadilisha nini.

Mwezi uliopita wamepiga tena, 5.1 iko tayari. Nikawaomba waniandikie mabadiliko, wakatuma meseji ya maneno mawili: "Maboresho mbalimbali". Nikawajibu na maswali matatu, je faili zetu za sasa zitafunguka, je lazima mashine zote mbili ziwekwe siku moja, na je printa yetu ya risiti itashika. Ni wiki mbili leo na sijajibiwa, kitabu cha risiti tumekiacha hapo chini ya kaunta.