TAHADHARI: Muuza kadi za grafiki anayekwambia "prosesa yako inabana kadi"

Wakuu, kwa wote mnaonunua vifaa vya kompyuta za gemu mitandaoni hapa Dar: kuna jamaa anazungusha kadi za grafiki zilizochakachuliwa, na amepata namna ya kukufanya uilaumu kompyuta yako badala ya kumlaumu yeye. Jina la akaunti sitaji, maana akibanwa hubadilisha jina na laini siku hiyohiyo. Mbinu yake ndiyo haibadiliki.

Hana duka. Mnakutana kituo cha daladala au anatuma bodaboda, na hela anataka iingie kabla mzigo haujafunguliwa. Ukimwandikia kwamba gemu inagandaganda, anakuuliza una kompyuta gani, halafu hata hujamaliza kueleza jibu limeshakuja: "Bosi wangu, kadi yako ndogo hiyo." Ushauri wake ni bure, lugha yake ya kistaarabu, na kila mtu anaambiwa kitu kilekile.

Mdogo wangu ni mmoja wa waliopigwa. Kompyuta yake ni ya ofisini, ya mtumba: Core i5-4570, RAM 8GB kijiti kimoja, diski ya kizamani ya kuzunguka, na kadi halali ya GTX 750 Ti. Kwenye GTA V gemu ilikuwa inaanza vizuri, lakini akikanyaga mafuta mjini majengo yanachelewa kutokea na picha inakatika. Jamaa akamwambia atoe ile 750 Ti, aongeze laki moja na themanini, apewe GTX 1050 Ti ya 4GB. Dogo akaona neema.

Kadi ikafungwa, gemu ikawa mbovu kuliko mwanzo. Alipompigia, jamaa wala hakushtuka: "Sasa kadi ni kubwa, prosesa yako inaibana. Ongeza laki mbili na nusu nikupe mashine ya Core i7." Anamaanisha prosesa haiipi kadi kazi haraka ya kutosha. Hapo ndipo suala likanifikia mimi. Nikamwomba jamaa anitajie ni i7 ya kizazi gani. Akazunguka weee, mwisho akatuma picha: i7-2600. Hiyo ni prosesa ya 2011, wakati i5 ya dogo ni ya 2013. Ni kweli i7 hiyo ina nyuzi (kazi inazoweza kufanya kwa wakati mmoja) nane dhidi ya nne, lakini haina maagizo ya AVX2, na zipo gemu za siku hizi zisizowaka bila hayo. Yaani dogo alipe laki mbili na nusu ili arudishwe nyuma vizazi viwili.

Uongo huu unauzika kwa sababu una ukweli ndani yake. Prosesa kubana kadi ni jambo lipo. Ila halipimwi kwa WhatsApp, na huhitaji fundi kulipima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ifunguke Task Manager ya Windows, fungua upande wa Performance, acha gemu icheze dakika kumi kisha uangalie grafu. Au weka MSI Afterburner, ni ya bure, inaonyesha namba juu ya gemu yenyewe. Zima V-Sync kwanza (mpangilio unaofunga kasi ya gemu kwenye kasi ya skrini) na uondoe kikomo chochote cha fremu, yaani picha kwa sekunde, la sivyo kadi itaonekana imepumzika kumbe imezuiwa tu isivuke fremu 60.

Kadi ikikaa asilimia 97 hadi 99 muda wote, hapo kweli kadi ndiyo imefika mwisho, na ukinunua kubwa zaidi utaiona tofauti. Ikiwa inachezea 50 au 60 huku gemu inakatika, tatizo liko kwingine. Wengi wanakosea wakifika kwenye prosesa: wanaona imeandikwa asilimia 30 wanasema iko huru. Prosesa imegawanyika viini vinavyofanya kazi sambamba; gemu nyingi zinaegemea kiini kimoja au viwili, na kwenye prosesa ya viini vinne, kiini kimoja kilichojaa kabisa kinasomeka kama asilimia 25 ya jumla. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, chagua uonyeshwe kila kiini peke yake. Kuna na jaribio jepesi zaidi: shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, hata ukinunua kadi ya milioni hutapata kitu.

Kwa dogo, tulipoazima kadi nyingine nzima na kupima, jibu lilionekana mapema. RAM ilikuwa imejaa mpaka 7.7 kati ya 8, diski iko asilimia 100, kadi inahangaika na 45. Windows ilikuwa inahamishia mizigo kwenye diski kila gari linapokimbia. Kijiti cha pili cha 8GB, ambacho pia kinaifanya RAM ifanye kazi kwa njia mbili, pamoja na SSD ndogo, vikamaliza kesi. Prosesa ileile. Tungepima mapema, ile 750 Ti ingekuwa bado mezani kwake.

Sasa tuje kwenye "1050 Ti" yenyewe. Stika mpya juu ya feni, kasha zuri tu. Lakini nyuma ina tundu la bluu la VGA, lile la pini 15. Chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi kabisa mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiona tundu hilo anza kushusha presha ya kununua. Pili, ilitaka waya wa umeme wa pini sita, wakati 1050 Ti ya kawaida inatumia wati 75 tu na nyingi zinajitosheleza na umeme wa kwenye mazabodi. Pawasaplai ya ile mashine ya ofisini haina waya huo, basi jamaa akampa dogo kiunganishi cha kuvuta umeme kwenye waya wa diski. Tulipozima na kushika, kiunganishi kilikuwa cha moto na plastiki yake imeanza kulainika. Hii sehemu ndiyo iliyonikasirisha kuliko hela, maana kompyuta inalala chumba kimoja na watoto.

Nikafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Tangu 2018 inazitambua kadi hizi, na mbele ya jina iliandika [FAKE] kwa herufi kubwa. Chipu ikasomeka GF106, viini 192. 1050 Ti halali ina viini 768. Kilichokuwa mle ndani ni GTS 450 ya 2010, iliyoandikwa upya BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili Windows isome jina la uongo na 4GB ambazo hazipo. Hata 750 Ti aliyoitoa dogo, yenye viini 640 na isiyohitaji waya wowote wa ziada, inaiacha mbali sana. Kwa hiyo jamaa alichukua kadi nzuri, akachukua na hela, akaacha chuma chakavu.

Na lile sharti lake, "bosi usiguse draiva, nimekuwekea nzuri", lina sababu. NVIDIA waliacha kutoa draiva mpya za chipu hizo mwaka 2018. Ukiweka draiva ya 1050 Ti iliyotoka baada ya hapo, kadi haitambuliki na siri inatoka. Gemu zinazotumia Vulkan (njia mpya ya gemu kuzungumza na kadi) nazo zinakataa kuwaka, naye atakwambia ni Windows yako.

Mkitaka kununua kadi iliyotumika kwa mtu yeyote, si kwa huyu tu, nendeni na flashi yenye GPU-Z na mkutane mahali penye kompyuta na umeme. Linganisheni idadi ya viini na ile iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Wekeni upya mbele yake draiva ya mtengenezaji inayoikubali kadi hiyo, mwacheni aangalie. Kisha chezesheni kitu kizito robo saa nzima, kwa sababu kadi iliyochoka huwa inajificha dakika tano za mwanzo. Muuzaji mkweli atalalamika kuwa mnampotezea muda, lakini atakaa. Huyu jamaa, nilipomwomba hivyo kwa namba nyingine, alisema ana msiba.

Kwa wanaotafuta RX 580, angalieni pia maneno 2048SP. Hiyo si bandia, AMD waliitoa wenyewe kwa soko la China, ila ina viini 2048 badala ya 2304 na watu wanaiuza kwa bei ya kaka yake. Bei ikishuka, ni kadi ya kawaida tu.

Waliopigwa tayari: msiendelee kubishana naye kwenye simu, anawavuta mpaka mchoke. Pigeni picha ya GPU-Z, hifadhini mazungumzo na ujumbe wa muamala, nendeni kituoni mkachukue RB. Tume ya Ushindani nayo inashughulika na bidhaa bandia. Msije mkaiuza hiyo kadi kwa mtu mwingine kurudisha hela, tafadhali.

Ile 750 Ti ya dogo najua inauzwa au imeshauzwa. Ina feni moja nyeusi, hakuna tundu la waya wa umeme, na kibati cha nyuma kina kona iliyopinda na kunyooshwa kwa koleo, mikwaruzo miwili inaonekana. Aliyeuziwa kama hiyo anitumie ujumbe binafsi. Simdai kadi, nataka namba ya simu aliyolipia na tarehe ya muamala, niiambatanishe kwenye jalada.