Kituo cha ushauri Moshi: mshauri nyota zote, mapokezi msiniulize

"Yule mama wa mume aliyegongwa na lori yuko wapi? Ingia, zamu yako!"

Hivyo ndivyo nilivyoitwa kwenye kituo kimoja cha ushauri nasaha hapa Moshi, mbele ya benchi zima la watu. Jina langu lilikuwa kwenye fomu, nimeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Namba ya foleni nilikuwa nayo mkononi. Yule dada wa mapokezi akaviruka vyote viwili, akachagua jambo ambalo hata nyumbani kwangu bado silisemi kwa sauti. Na Moshi mnaijua: ukipiga chafya Majengo, Pasua wanakuambia afya. Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja tuko naye kikoba kimoja, ambaye hadi dakika ile alidhani nimemsindikiza mtu. Aliinamia simu yake kwa adabu kabisa. Ile adabu yake ndiyo iliyonimaliza.

Ukutani, juu ya kichwa cha yule dada, kuna bango lenye picha ya viganja viwili: HAPA NI MAHALI SALAMA.

Bei na saa zao za kazi ulizieni wenyewe. Jina la kituo silitaji, maana mshauri wao hastahili kuharibiwa riziki kwa ajili ya wenzake.

Mume wangu alifariki barabara ya Himo, kipindi kile kabla watu hawajaanza kupanda kuja Krismasi. Msiba ulikwenda vizuri, kama wanavyosema: turubai, rambirambi, mabasi kutoka Dar, kaburi kihambani. Halafu mabasi yakarudi, turubai likarudi kwa mwenyewe, nikabaki na watu wa "jikaze mama, una watoto". Nikajikaza. Kilichonishinda ni simu. Ile habari niliipokea kwa simu usiku, na tangu hapo simu ikiita giza likishaingia mikono inaniganda, moyo unakwenda mbio, natapika. Honi ya lori nayo vilevile. Shemeji akaniletea vidonge vya kulala alivyovitoa anakokujua mwenyewe. Muuguzi mmoja tunayesali naye ndiye aliyenielekeza pale, akaniambia kuna mshauri anayejua kukaa na mtu aliyepata mshtuko bila kumchokonoa kidonda.

Sasa ile fomu. Kuna swali linasema: "Uko hatua gani ya huzuni?" Chini yake visanduku vitano: kukana, hasira, kubembelezana na Mungu, sonona, kukubali. Weka tiki. Mimi sikuweka. Dada akanirudishia: "Mama hujajaza hapa, kompyuta haitakubali." Nikatia tiki kwenye hasira ili yaishe. Hiyo tiki msiisahau.

Baada ya kuitwa nikaingia ndani, na huko ndiko mambo yalikobadilika hata nashindwa kutoa hukumu moja. Mshauri, mama wa makamo, alisimama akaniuliza ningependa kukaa wapi, karibu na dirisha au karibu na mlango. Mlango tuufunge au tuurudishie tu? Simu yake akaizima mbele yangu. Nilipomwambia yangu naogopa kuizima kwa sababu watoto wako shule, akasema basi iache, ikiita tutaisikia wote wawili. Hakusema "haya, nisimulie ilikuwaje". Alisema si lazima niseme lolote kuhusu usiku ule, na siku nikitaka kusema nitaanzia ninapotaka na kuishia ninapotaka. Jamani, kifo kile nimeshakisimulia kwa trafiki, kwa watu wa bima, kwa wajomba, kwa mchungaji. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwanza kama naweza.

Akanieleza kwa nini simu inanitapisha: mwili ulijifunza usiku ule kwamba mlio ule ni hatari, na mwili ukishajua hatari hausubiri akili ipige hesabu. Akanifundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote, kutaja taratibu vitu ninavyoviona chumbani, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta. Nikaona huu mchezo wa chekechea. Usiku simu ikaita, ni mteja wangu wa maziwa. Mikono iliganda, lakini sikutapika.

Vile vidonge hakunigombeza navyo. Alisema nikamwone daktari kabla ya kuendelea, kwa kuwa tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aliyefiwa, asiye na ugonjwa wa akili, asipewe dawa za jamii ya diazepamu, zile za kutuliza na kuleta usingizi, kwa ajili ya msiba. Nikamuuliza kama basi mimi ni mgonjwa. Akasema kufiwa si ugonjwa. Ipo huzuni inayokwama, ambayo shirika hilo limeiweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini hata hiyo haitajwi kabla ya miezi sita, na lazima mila za mtu za kuomboleza ziangaliwe kwanza. Madaktari wa akili wa Marekani wao kwa mtu mzima wanasubiri mwaka. Hakunibandika jina lolote. Na ile karatasi ya hatua tano aliigeuza kifudifudi mezani, akasema daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika hatua zile mwaka 1969 alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Wajane wao si aliowaandikia.

Nimetoka pale mwepesi. Ningeondoka hivyo hivyo ningekuwa naandika sifa tupu.

Ila nikapita mapokezi, nikaomba kumwona msimamizi. Nikamweleza kwa upole kabisa, nikiwa bado na pumzi zangu ndefu. Akanisikiliza huku anapekua faili langu, akasema: "Lakini mama, si ni kweli mume aligongwa na lori?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Halafu naona hapa umetia tiki hasira. Hiyo ni hatua ya pili mama yangu, itapita. Usiliweke moyoni."

Yaani ile tiki niliyolazimishwa na kompyuta yao ndiyo ikawa jibu la malalamiko yangu! Kwa hiyo aliyefiwa akidhulumiwa chenji sokoni naye yuko hatua ya pili? Akikanyagwa kwenye daladala akalalamika, apelekwe hatua ya tatu?

Usiku huo nikakesha kwenye intaneti. Kumbe haya mambo ya kumhudumia mtu aliyepata mshtuko bila kumwumiza upya yameandikwa. SAMHSA, wakala wa serikali ya Marekani wa mambo ya afya ya akili na uraibu, ilitoa mwongozo mwaka 2014 wenye kanuni sita. Ya kwanza ni usalama, na inahusu taasisi nzima hadi jengo lenyewe, si kile chumba cha mshauri peke yake. Mtaniambia hayo ni ya Marekani. Haya, njooni hapa hapa Moshi: kuna utafiti uliofanyika kwetu na Bungoma kule Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi, ambapo vikundi vya tiba viliendeshwa na watu wa kawaida, wasio wanasaikolojia, waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kama mtu asiye na digrii anafundishwa kukaa na yatima akaongea naye habari za kifo, dada wa mapokezi anashindwaje kufundishwa kusema "namba nane, karibu"?

Nilianza kuandika nikiwa nimeshaamua nyota moja. Nilipofika kwa mshauri zikapanda nne. Kwa msimamizi zikashuka mbili. Tuseme tano kwa mshauri na sifuri kwa mapokezi, wala msizijumlishe mkagawanya kwa mbili, maana huwezi kumfikia wa tano bila kupita kwa wa sifuri.

Na hata hiyo tano naiona ndogo, mshauri kama yule kwa mji huu ni bahati. Nilitaka kuishia hapo niwaambie nendeni tu, vumilieni mapokezi. Lakini Jumapili yule mama wa kikoba alinivuta pembeni nje ya kanisa. Naye hakuwa amemsindikiza mtu. Alikuja kwa ajili ya mwanawe aliyemzika. Aliposikia nilivyoitwa akachukua mkoba wake, akaondoka kabla hajafikiwa. Nimemsihi arudi, nimemwambia ndani kuna mtu, hataki hata kusikia.

Kwa hiyo mapokezi nawapa chini ya sifuri. Mimi narudi, nimeshapatana na mshauri kwamba nitapitia mlango wa nyuma, upande wa jikoni. Nyie mkienda, kwenye fomu andikeni jina na namba ya simu basi. Sababu ya kuja acheni wazi, na kompyuta ikikataa, mwambieni dada amwite mshauri.