CNC ya Mbao ya Mikanda Baada ya Miezi Minne: Je, Inakata kwa Vipimo?

Karibuni tena. Hii hapa mezani ni CNC ndogo ya mbao, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Ni ya mikanda: mota zinavuta mikanda ili kuisogeza biti, kile kisu kinachozunguka. Nimefanya nayo kazi miezi minne. Swali mnaloniuliza sana ni kama inakata kwa vipimo. Inakata. Lakini haikutoka kwenye boksi ikiwa hivyo, na kosa nililolifanya mwanzoni sitaki mlirudie.

Kipande changu cha kwanza kilitakiwa kiwe milimita 100. Kalipa ikasoma 99.4. Nikaingia moja kwa moja kwenye programu nikaongeza hatua kwa milimita, yaani idadi ya hatua ndogo ambazo mota inapiga ili kusogea milimita moja. Kikatoka 100 kamili, nikafurahi. Kesho yake nakata kipande cha 500, kimezidi kwa milimita 2.4! Mbao nzuri ikaharibika.

Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote, kata vipande viwili: kimoja cha milimita 50, kingine cha 500. Kama vyote vimepungua kiasi kilekile, hatua hazina kosa. Tafuta kitu kinachocheza, au biti ambayo unene wake si ule uliouandika kwenye programu. Kosa likikua kadiri kipande kinavyorefuka, hapo ndipo urekebishe hatua.

Kwangu kosa lilikuwa hapa, sogea uone: skrubu ndogo inayobana puli, hili gurudumu la meno linalovuta mkanda, kwenye shafti ya mota. Ilikuwa imelegea. Mota ikigeuza mwelekeo, inazunguka kidogo kabla puli haijashika, na hapo ndipo milimita 0.6 zilipopotelea. Nikaikaza kwa alenki, nikarudisha namba ya zamani ya hatua kwa milimita, 80, tatizo likaisha.

Hiyo 80 inatoka wapi? Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, dreva, kifaa kinachoiendesha mota, inagawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3,200. Puli ina meno 20, mkanda una jino kila milimita 2, kwa hiyo mzunguko mmoja unasogeza milimita 40. Gawanya, unapata 80. Ukiagiza 500 ikaenda 498, zidisha 80 kwa 500 kisha gawa kwa 498: 80.32. Pima safari ndefu, maana kwenye safari fupi hata kosa dogo la mkono wako linapotosha hesabu.

Pembe nazo zilinisumbua. Toboa matundu manne kwenye kona za mstatili wa 300 kwa 400, upime kona kwa kona. Vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vinatakiwa visome 500. Vyangu vilipishana milimita 2. Nilizima umeme, nikalisukuma daraja, ile boriti inayobeba biti, mpaka ncha zote mbili zikagusa vizuizi, nikawasha. Napenda kwamba inakubali kunyooshwa kirahisi hivyo.

Nisichokipenda ni mikanda yenyewe. Kwenye plaiwudi sina neno. Kwenye mbao ngumu, ukizamisha biti sana, mkanda unavutika na ukingo unatoka na mawimbi. Mimi huacha nusu milimita, halafu napitisha biti mara ya mwisho polepole. Kama kazi yako ni milango ya mbao ngumu kila siku, tafuta mashine inayosogezwa kwa skrubu ndefu badala ya mikanda. Kwa vibao, makabati na michongo ya plaiwudi, hii ninaendelea nayo.