Wayaringi mpya ya Honda CG125 ya zamani: nyaya zinafaa, viungo havifai

Ninayoizungumzia hapa ni wayaringi (fungu la nyaya zote za umeme wa pikipiki) nzima ya 12V, ile ya kunakili inayouzwa Kariakoo ikiwa imeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni, na ambayo nimeifunga kwenye CG125 iliyovuliwa mpaka ikabaki fremu tupu. Haina jina la kampuni. Ina kibandiko cha "CG125" basi. Ushauri wangu ni kwamba uinunue, ila usiifunge kama ilivyotoka mfukoni. Nyaya zake ni za shaba na rangi zake zimefuata mpangilio wa Honda. Pini na viungo ndivyo vitakavyokuzimia pikipiki njiani.

Kwanza jua pikipiki yako ni ipi. CG125 zilianza kutoka mwaka 1976, na zile za mwanzo ni za 6V zenye platini (kikata umeme cha zamani cha kutoa cheche). Seti hii ni ya 12V na inatumia CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachotoa cheche ya plagi). Ukiwa na ya 6V, kubadilisha betri na balbu hakutoshi: unahitaji sahani ya magneto (kizalisha umeme cha injini) na koili zake, gurudumu la magneto linaloendana nayo, CDI na koili ya plagi, vyote vya aina moja. Uzuri ni kwamba pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu zimejengwa kwa kufuata injini ya CG, kwa hiyo vipuri hivyo vinapatikana. Usichanganye sahani ya mfumo huu na gurudumu la mfumo mwingine. Sumaku zitakosana na koili, na utahangaika na taiming (wakati wa cheche kupiga) bila kupata jibu.

Dukani, omba ufunue mfuko na ukwangue uzi mmoja wa waya kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu nje na ndani. Kuna nyaya zenye ngozi ya shaba juu ya alumini: nje nyekundu, ndani nyeupe. Hizo achana nazo, kwani hukatika kwa mtikisiko na haziwezi kulehemiwa vizuri. Unene usikutishe sana. Hata waya wa 0.5 mm², wenye urefu wa mita 2, ukibeba ampea 3 za taa kubwa ya 35W unapoteza takriban volti 0.2 tu. Pini moja iliyolegea inaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Na pini zilizolegea ndizo kasoro kubwa ya seti hii. Kwenye yangu, pini kadhaa zilikuwa zimebanwa juu ya plastiki ya waya badala ya shaba, kwa hiyo zinapitisha umeme kwa nyuzi mbili tatu. Kwa macho hazionekani. Vuta kila waya kwa vidole, kwa nguvu ya wastani. Unaochomoka ulikuwa utachomoka tu. Kata, menya milimita 5, bana pini mpya kwa koleo la kubania pini. Koleo la kawaida linaiponda tu pini bila kuishika shaba. Kuhusu risasi ya kulehemu mafundi hatukubaliani. Mimi siipendi kwenye pini, kwa sababu risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, kisha unakatika pale ugumu unapoishia. Katikati ya waya, penye kiungo cha matawi, ni sawa, mradi ukivalishe mrija wa plastiki unaobana kwa joto. Tepu nyeusi peke yake kwenye joto la Dar huyeyusha gundi na kuteleza.

Rangi zilivyo kwenye seti niliyopata: mwekundu unatoka betri, mweusi ni umeme uliopita swichi ya ufunguo, kijani ni ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia fremu), kahawia ni taa ya nyuma, kijani chenye mstari wa njano ni taa ya breki. Indiketa ya kushoto ni rangi ya chungwa, ya kulia ni bluu iliyopauka, kijivu ni ya flasha (kifaa kinachopepesa indiketa). Bluu ni taa kubwa ya juu, mweupe ni ya chini. Angalia hapo, kwa sababu mweupe huohuo unatumika pia kwa koili ya kuchaji inayotoka magneto. Ni soketi mbili tofauti, usiziunganishe kwa kufuata rangi peke yake. Kijani kitupu na kijani chenye mstari wa njano navyo huchanganywa sana jioni penye mwanga hafifu: ukiupeleka wa breki kwenye ethi, fyuzi inakufa mara ya kwanza unapokanyaga breki.

Swichi ya ufunguo ya CG ina nyaya nne: mwekundu, mweusi, kijani, na mweusi wenye mstari mweupe. Ukiwasha, mwekundu unakutana na mweusi. Ukizima, mweusi wa mstari mweupe unakutana na kijani, maana CDI ya aina hii haipati umeme wake kwenye betri bali kwenye koili ya magneto, na inazimwa kwa kupelekwa ethi. Pima hayo kwa multimita kabla ya kufunga swichi. Kamwe usiupelekee waya wenye mstari mweupe umeme wa betri ukidhani ndio wa kuwashia; CDI inaweza kuungua. Kwa sababu hiyohiyo, moto ukikosekana kwenye plagi, usikimbilie kununua CDI. Chomoa huo waya wa mstari mweupe pale CDI, kisha piga kiki. Moto ukirudi, tatizo liko kwenye swichi au kwenye waya uliokwaruzwa na kugusa fremu, na CDI yako ni nzima. Nadhani CDI nyingi zinazotupwa ni za namna hii.

Sasa ethi, ambayo muuzaji hatakuambia kwa sababu si bidhaa. Fremu iliyopigwa rangi upya haipitishi umeme penye rangi. Kwangua kwa msasa hadi chuma kionekane mahali boliti ya ethi inapokaa, na vilevile mahali injini inapofungwa kwenye fremu, kisha paka grisi kidogo baada ya kukaza ili isishike kutu. Mimi naongeza waya wa kijani wa 1.5 mm² kutoka boliti ya injini hadi kwenye ethi ya betri. Seti haina waya huo. Dalili za ethi mbovu huchanganya watu: ukiwasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa nayo, ukibonyeza honi, taa inafifia.

Regyuleta (kidhibiti volti) ya nyaya nne inategemea ethi kuliko kitu kingine chochote. Mweupe na njano zinatoka magneto, mwekundu unakwenda betri, kijani ni ethi. Kijani kikikatika, hakuna kinachozuia volti isipande, na balbu ya mbele inaungua ukivuta mafuta. Watu hubadilisha balbu tatu nne kabla hawajaangalia kijani. Kipimo chake ni rahisi: betri ikiwa imejaa na injini imezimwa, usome takriban volti 12.6, injini ikizunguka kwa kasi ya kati, volti 14 hadi 15. Ikizidi 15, zima. Ikibaki 12.6, anza na soketi ya waya mweupe. Kumbuka pia kwamba taa kubwa kwenye mpangilio huu inalishwa moja kwa moja na magneto kupitia waya wa njano, kwa hiyo kufifia injini ikiwa silensa (ikizunguka polepole bila kuvutwa mafuta) ni hali yake, si ubovu.

Upitishaji wa nyaya una sehemu moja tu ya kuumiza kichwa: shingo ya usukani. Wayaringi hii ni fupi kidogo pale, na ukiifunga kwa tai za nailoni usukani ukiwa umenyooka, itavutwa ukikata kona. Kwa hiyo zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, ndipo ukaze tai, na usikaze hadi plastiki ikabonyea. Chini ya tangi iweke mbali na mipira ya tangi, na pembeni ya kichwa cha silinda acha nafasi ya vidole viwili. Kabla ya kurudisha tangi, weka multimita kwenye mlio kati ya mweusi na ethi, balbu zote zikiwa zimetolewa na nyaya za kwenye taa zikiwa hazijaunganishwa, kisha zungusha usukani tena. Ikilia, kuna shoti, na sasa ni rahisi kuitafuta.

Seti inakuja na soketi za vitu ambavyo CG ya zamani haina: geji ya mafuta, taa za gia, relei ya stata. Usizikate. Ila baadhi zina mweusi wenye umeme ndani, kwa hiyo ziba kila moja kwa tepu na uzirudishe nyuma ndani ya taa kubwa.

Fyuzi iliyokuja nayo ni ya 15A, nami naibadilisha. Vinavyolishwa na betri ni taa ya nyuma 5W, breki 21W, indiketa mbili za 10W, taa ya nyutro 3W, na honi isiyozidi ampea 2. Hata vyote vikiwaka pamoja, jumla haifiki ampea 7. Fyuzi ya 10A inatosha, na nyingine ya akiba ifungwe kwa tepu pembeni ya betri, ili usije ukaweka kipande cha waya usiku ukiwa njiani.