Duka la chakula cha nguruwe Uyole: hapa wanajali kiroba kimetoka wapi

Ukifuga nguruwe huku Mbeya unajua homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia bandani haibakizi kitu. Haina tiba. Ndiyo maana sinunui chakula kwa kuangalia bei peke yake, na ndiyo maana nalisifia hili duka la Uyole.

Kwanza, hawapokei viroba vilivyotumika. Ukija na salfeti lako kutoka nyumbani, kijana wa mizani anakurudisha nalo palepale, hata uwe mteja wa siku zote: "Mama, hiki kimetoka bandani, hakiingii humu." Wanakuuzia kipya. Watu wananung'unika, mimi nalipa kwa moyo mweupe, maana virusi hivi hudumu muda mrefu kwenye damu na kinyesi kilichogandia kwenye kiroba.

Pumba na mashudu ya alizeti yamepangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, panya hapati pa kujificha. Nilipouliza protini wanatoa wapi, wakanionyesha soya na dagaa. Damu ya machinjioni hawachanganyi kabisa. Hapo walinipata.

Kasoro ipo. Mlangoni kuna beseni la dawa ya kukanyagia, lakini jioni nililikuta tope tupu. Dawa iliyojaa tope haifanyi kazi, jamani, wabadilishe! Na magari ya wafugaji yanaingia hadi ghalani, matairi na uchafu wote wa mabandani. Wayazuie nje, mzigo utolewe kwa toroli.

Bei iko juu kidogo kuliko Mwanjelwa. Nitaendelea kununua hapa.