"Fomati tu": memori kadi ya GB 128 kutoka Mwanga

Nyota moja, na hiyo moja ni ya adapta. Ile plastiki kubwa inayokuja pamoja na memori kadi ndiyo kitu pekee kwenye pakiti kilichokuwa cha kweli. Kadi yenyewe imeandikwa GB 128, nimeinunua kwenye duka moja la vifaa vya simu hapa Mwanga, Kigoma, kwa elfu kumi na nane, na haikumaliza mwezi kabla ya kugoma kwenye kishikwambi mara nne. Kila mara ujumbe ni uleule: kadi imeharibika, gusa hapa urekebishe.

Kadi mbovu ni jambo la kawaida, nisingejisumbua kuandika. Naandika kwa sababu ya kijana wa dukani. Nilipoirudisha hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Fomati tu, mzee." Nikamwambia imeshafomatiwa mara tatu. "Basi hujui kufomati." Nyuma yake kuna karatasi imebandikwa ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, naye akainyooshea kidole bila kugeuka. Anajua ilipo hata gizani.

Fomati tu! Ushauri huo umeshapoteza picha za harusi za watu wangapi? Kufomati kunafuta orodha ya mafaili, basi. Kilichoiharibu orodha kinabaki palepale, ila vitu vyako ndivyo vimeondoka. Ukiona ujumbe ule usiguse kitu. Zima kishikwambi, toa kadi, itie kwenye kisoma kadi cha kompyuta na unakili kwanza kila kinachofunguka. Isipofunguka kabisa, tumia programu ya PhotoRec, ni ya bure, inapekua kadi yenyewe bila kutegemea orodha ya mafaili. Inachookoa kielekeze kwenye diski ya kompyuta. Ukikielekeza kwenye kadi ileile unaandika juu ya hicho hicho unachokitafuta. Majina ya mafaili yatapotea, utapewa namba tu, vumilia. Na ukikuta folda inaitwa LOST.DIR, usiione takataka ukaifuta: Android huyaweka humo mabaki iliyoyaokota ilipokuwa ikirekebisha kadi. Mafaili yake hayana mkia. Liongezee moja .jpg mwishoni, likikataa jaribu .mp4, mara nyingi picha yako inatokea hapo hapo.

Baada ya kuokoa ndipo unapima, na hapa ndipo duka lile lilipoumbuka.

Kwenye Windows kuna programu ndogo ya H2testw, haihitaji hata kusakinishwa. Inafunguka kwa Kijerumani, lakini juu kuna sehemu ya kubadili iwe Kiingereza. Kwenye Linux ni F3: unaanza na f3write, unamalizia na f3read. Zote kazi yao ni moja: kuijaza kadi mafaili ya GB 1 moja moja mpaka pomoni, kisha kuyasoma yote na kulinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa. Kadi iwe tupu, na uiache ijae yote. Wengine wanapima GB mbili tatu kisha wanashangilia, kumbe kadi feki hapo ndipo inapojidai. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, GB 128 zinachukua kama saa tatu na nusu kuandikwa, bado kusomwa. Kwa umeme wetu huu, tumia laptop yenye betri ya kuaminika, la sivyo ukikatika katikati ni kuanza upya.

Majibu: GB 7 na ushee nzima, zaidi ya GB 110 zimepotea. Kadi ya GB 8 imevalishwa koti la 128.

Wanavyofanya ni hivi. Ndani ya kadi kuna chipu ya kuhifadhi na chipu ndogo inayoisimamia. Hiyo msimamizi imefundishwa kusema uongo: simu ikiuliza ukubwa, inajibu 128. Mradi hujapita ukubwa wa kweli, kadi ni mwana mwema. Ukipita, kuna feki zinazotupa tu data mpya, na hapo unaona jina la faili lipo, ukubwa upo, ukilifungua ni tupu au picha ina nusu ya kijivu. Nyingine zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyokuwepo, na mwanzoni mwa kadi ndiko orodha ya mafaili iliko. Ndiyo maana inagoma yote kwa mpigo. Ukiifomati inakuwa nzima tena, mpaka ujaze GB 8 nyingine. Kwa hiyo "fomati tu" inafanya kazi kweli, kwa wiki mbili, muda unaomtosha muuzaji kukusahau.

Ila tusimwonee mtu kwa jambo jingine: kadi halali ya GB 128 ikionekana 119 hivi kwenye Windows, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Nikaipeleka laptop dukani, majibu yakiwa kwenye skrini. Kijana akatazama, akacheka. "Hiyo programu ya Kijerumani, mzee, hizi kadi ni za China." Kisha akasema kilichonichoma zaidi: "Tatizo ni hicho kishikwambi chako. Kadi zangu watu wanatumia." Kwa hasira nikanunua palepale kadi ya GB 32, nikidhamiria kumkomesha kwa ushahidi wa pili.

Ile ya 32 ikafaulu. GB 29 na pointi, kosa hata moja hakuna. Nikaiweka kwenye kishikwambi. Haikupita wiki mbili, ujumbe uleule: kadi imeharibika, gusa hapa urekebishe.

Hapo hasira ilibidi itafute pa kukaa. Unapokuwa na vitu viwili vinavyoshukiwa, unabadilisha kimoja kimoja, si vyote pamoja. Kadi ya 32 kwenye simu nyingine: siku kadhaa, safi. Kadi nyingine iliyopimwa ikawa nzima, kwenye kishikwambi: inajitoa yenyewe, hasa kikiwa kwenye chaji na kimepata joto. Basi mgonjwa wa pili ni kishikwambi, na lile neno la kijana lilikuwa na ukweli nusu, ingawa alilisema kwa kubahatisha.

Anza na vidoti vya kadi. Nyuma ya kadi ndogo kuna vidoti vinane vya rangi ya dhahabu. Viangalie kwa tochi ya simu, kwa kuinamisha kadi, usiiangalie wima. Kwenye hii ya 32, kidoti kimoja kilikuwa na mstari wa kijivu kama umande uliokauka, na huku kwetu kati ya vumbi jekundu na unyevu wa ziwa hilo halishangazi, hasa kwa kifaa kinachosafiri na boti kutoka Kibirizi. Futa taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha pamba yenye tone la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya bluu ya kuwashia taa inaacha utando, iache. Ndani ya tundu usiingize pini wala sindano, miguu ya humo ni laini, ikipinda hairudi. Puliza kwa hewa, basi.

Haikusaidia. Nikakilaza kishikwambi kifudifudi juu ya kioo cha meza na kukibonyeza pembe kidogo. Kinayumba kama mtumbwi. Ukingoni, karibu na trei ya kadi, skrini imenyanyuka kiasi cha ukucha kupita. Betri imevimba.

Betri iliyovimba inaharibu kadi kwa njia mbili. Kwanza inasukuma kutoka ndani, trei inakaa upande, kadi inapoteza mguso kwa nukta moja tu. Nukta hiyo ikiangukia wakati kifaa kinaandika, orodha inabaki nusu. Pili, betri iliyochoka inaonyesha asilimia 30, ukifungua kamera umeme wake unaporomoka na kifaa kinazima ghafla, tena kadi inakatwa katikati ya sentensi. Kadi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32 huweka nakala mbili za jedwali lake, kwa hiyo ina pa kushikia. Zile kubwa zenye mpangilio wa exFAT kwa kawaida zina moja, ndiyo maana zinaanguka haraka zaidi. Dalili za betri ni hizo: kuyumba mezani, skrini kunyanyuka, kuzima mapema. Ukiziona usibonyeze, usitoboe, wala usiendelee kuchaji kitu hicho chumbani unapolala.

Fundi wa Ujiji alinihudumia kwa heshima, naye hana karatasi ukutani. Aliandika namba iliyo kwenye betri yenyewe, siyo modeli ya kishikwambi, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na betri za aina mbili. Akapima pia urefu, upana na unene kwa rula kabla ya kuagiza Dar. Alipoweka mpya, trei ikarudi kukaa sawa. Kadi ya 32 ilifanyiwa chkdsk yenye /f, amri ya Windows ya kurekebisha orodha ya mafaili, kwenye kompyuta, ikarudishwa, na mpaka naandika haijagoma tena.

Sasa nifanyeje na nyota? Kwa kadi za GB chache, duka lile halina neno, ile ya 32 ni nzima na bei ilikuwa ya haki. Ziwe mbili. Halafu nikikumbuka kile kicheko... zirudi kuwa moja. Lakini asingekuwa na kiburi kile nisingeipima kadi ya pili, na betri ingeendelea kuvimba mpaka ipasue skrini. Haya, mbili, ila kwa shingo upande.

Mawili ambayo mafundi wa "fomati tu" huyaita kuharibika kwa kadi wakati ni mambo mengine. Ukitoka kuweka nyimbo kwenye kompyuta ya steshenari ukakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, hicho ni kirusi na vitu vyako vimefichwa tu. Safisha kompyuta kwanza, kisha kwenye dirisha la amri la Windows (cmd) andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya kadi yako badala ya E. Na ukifuta picha, ukazima na kuwasha, picha ikarudi kana kwamba hukuigusa, kadi imejifunga isiandikwe tena kwa sababu imechakaa. Nakili vilivyomo ununue nyingine, hakuna programu ya kuiponya. Kishikwambi chenyewe kikikuuliza utumie kadi kama hifadhi ya ndani, kataa. Ukikubali kadi inafungwa kwa ufunguo wa kifaa hicho, na siku kikifa hakuna kompyuta itakayoisoma.

Ile ya 128 ninayo bado. Malalamiko ya bidhaa bandia yana mahali pake, Tume ya Ushindani, lakini utalalamika na nini mkononi kama hukudai risiti? Sikudai. Nimerudi dukani mara mbili, kijana anasema bosi yuko Kasulu, elfu kumi na nane yangu ataizungumzia akirudi.